Milimita Arobaini na Sita

Mbele ya duka langu la ushonaji kuna benchi la mbao lenye miguu minne, mmoja wapo ni tofali. Hapo ndipo watu wangu hukaa kila asubuhi, mimi nikiwa ndani kwenye cherehani, mlango wazi, mguu kwenye pedeli na sikio nje. Wananiita Tepu, kwa kuwa tepu ya kupimia haishuki shingoni mwangu hata nikienda msibani. Upande wa tofali hukaa Rejeta, fundi wa magari, mgane, mtu wa sauti kubwa na mikono ambayo sabuni ilishaikatia tamaa. Katikati hukaa Kamusi, mwalimu mstaafu. Ana methali nyingi kuliko mvi, na nyingi kati ya hizo huteremka kituo ambacho sicho. Nafasi ya tatu ni ya Mama Birika, muuza kahawa, ambaye alikuja siku moja kuuza akakaa kupumzika, na hajamaliza kupumzika mwaka wa nane huu.

Jumatano moja Flashi alikuja amekumbatia kitu kilichofungwa kwa taulo. Flashi ni mpiga picha, mtoto wa mpiga picha. Marehemu baba yake alikuwa na studio ng'ambo ya barabara, na hakuna mtu mzima mtaani hapa ambaye hakuwahi kufumbishwa macho na mmoja wao.

Mama Birika: Hongera, baba! Wa kike au wa kiume?

Flashi: Ni seva.

Mama Birika: Jina gani hilo? Mama yake karidhika nalo?

Flashi: Ni kompyuta, mama. Ya kukaa nyumbani na kutunza picha. Naomba nafasi niiweke.

Akaiweka benchini, akafungua taulo. Kijisanduku cheusi, hakizidi boksi la viatu vya mtoto. Kamusi akakivalia miwani.

Kamusi: Mbona dogo hivi? Picha zote za mtaa zimeingiaje humu?

Flashi: Zimeingia, Mwalimu. Shida ni joto. Ndani kuna prosesa, yaani kile kipande kinachofanya kazi ya kufikiri. Kikifikiri sana kinachemka. Juu yake kuna kipoza: mapezi ya alumini na feni juu yake. Hiki nilichonacho ni kijembamba mno, kimeshindwa kazi. Kinalia kama mbu ndani ya pipa, halafu baada ya dakika arobaini mashine inazima yenyewe isiungue. Mke wangu anatoka kuoka mikate asubuhi, analala mchana. Ameniambia tuchague: anyamaze mbu au ahame mbu.

Rejeta: Na wewe ukachagua?

Flashi: Nimekuja kwenu.

Mama Birika: Basi kweli umefika pabaya.

Tukacheka. Flashi alicheka nusu, akaacha. Hapo nikasimamisha cherehani.

— Flashi, nikamwambia, sema kilichobaki.

Akasema. Diski iliyomo ndani, yenye picha zote za studio ya baba yake na zake mwenyewe, ilikuwa inakufa. Ilikuwa imeanza kugonga tak, tak, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Alishanunua diski mpya. Kilichobaki ni kuhamisha. Lakini picha zile alizifungia kwa kufuli la siri, na prosesa ndiyo inayofungua moja moja. Kazi ya saa tisa mfululizo. Na mashine haifiki hata saa moja.

Flashi: Fundi aliniambia kila nikiizima na kuiwasha, diski inakaribia kaburi. Huenda imebakiza safari moja tu.

Kamusi: Si uichomeke kwenye kompyuta ya mtu mwingine?

Flashi: Nimejaribu. Iliandikwa kwa mtindo wa seva hii. Kompyuta za wenzetu zinaiona tupu.

Rejeta: Basi nunua kipoza kikubwa! Umekaa unatulilia nini?

Flashi: Ndilo swali lenyewe, kaka. Kwenye duka la vipuri mjini viko vya aina tatu. Kuna cha urefu wa milimita thelathini na saba, cha arobaini na saba, na cha sitini na sita. Sanduku langu, kwa mujibu wa karatasi yake, linapokea mwisho arobaini na nane. Kwa hiyo nimefikiria hicho cha arobaini na saba.

Hapo ndipo alipokosea, kutaja namba mbele ya benchi lile.

Rejeta: Arobaini na saba? Mdogo wangu, joto haliombwi samahani, joto linapigwa! Chukua cha sitini na sita.

Flashi: Hakiingii. Mfuniko hautafunga.

Rejeta: Mfuniko ni bati. Mimi nina grenda. Natoboa tundu, kipoza kinatokeza kichwa nje, kama dereva wa trekta.

Kamusi: Mimi nasema kile chembamba. Thelathini na saba. Haba na haba hujaza kibaba.

Rejeta: Kibaba cha nini, Mwalimu?

Kamusi: Cha ubaridi.

Mama Birika: Nyinyi wote hamjapika. Sufuria likifurika unafanya nini? Unafunua! Aondoe huo mfuniko, aache wazi.

Flashi: Niliacha wazi, mama. Paka akalala humo. Eti humo mna joto zuri.

Kamusi: Kisa cha joto si feni, nawaambia. Tazameni hapa juu, mfuniko una matundu matupu! Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Leta gundi tuzibe.

Rejeta: Mwalimu, hayo ndiyo matundu ya kupumulia!

Kamusi: Ndiyo maana joto linaingia.

Mama Birika akamwongezea kahawa ili apate kazi nyingine ya mdomo. Haikusaidia. Rejeta alikuwa ameshasimama, na Rejeta akisimama benchi zima huinuka upande mmoja.

Rejeta: Sikilizeni. Tuache mambo ya feni. Feni ni ya kupepea wageni. Gereji kwangu kuna gari dogo bovu, rejeta yake nzima. Napitisha mipira miwili dirishani kwa Flashi, pampu naitoa kwenye kioo cha mbele, ile ya kurushia maji. Maji yanazunguka, kompyuta inakaa baridi kama pua ya mbwa.

Flashi: Na maji yakivuja kwenye umeme?

Rejeta: Nani kasema yatavuja? Umewahi kuona rejeta niliyoziba mimi ikavuja?

Mama Birika: Ya kwangu.

Rejeta: Mama, wewe huna gari.

Mama Birika: Ya shemeji yangu. Mimi nasema lile friji la soda la dukani pale. Tumwombe mwenye duka rafu moja. Soda zikae chini, picha juu. Au mtungi! Tuufukie kwenye mchanga, tumwagie maji, seva iwe ndani. Babu zetu walipoza maji bila umeme.

Kamusi: Mnahangaika na chombo, hamuulizi kilichomo. Ndani mna picha gani? Harusi! Watu mia tatu wanaruka, tarumbeta, jasho. Kwa nini isichemke? Hamisha misiba kwanza, itapoa yenyewe. Halafu harusi uzigawe kidogo kidogo.

Rejeta: Mwalimu, ulifundisha somo gani vile?

Kamusi: Sayansi.

Nikacheka mpaka uzi ukanikatikia. Lakini Rejeta hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye kile kijisanduku.

Rejeta: Basi nina dawa ya mwisho. Tunaifunga kwenye boneti ya pikapu, betri ipo, upepo upo. Naendesha saa tisa bila kusimama. Mafuta yangu. Hakuna kipoza duniani kinachoshinda upepo wa barabarani. Samaki mkunje angali mbichi!

Kamusi: Hiyo methali ni yangu, na hapa haiingii.

Rejeta: Inaingia! Si mmesema ina mapezi?

Flashi akainama, akaanza kulifunga taulo lake.

Flashi: Nilikuja kuuliza kipoza. Nimepewa gereji, friji, mtungi na safari. Asanteni, ndugu zangu.

Rejeta akaweka mkono juu ya sanduku. Ule mkono mzito, kama mtu anayezuia mlango.

Rejeta: Huondoki nayo. Huendi kuiwasha leo kwa kubahatisha. Unasikia?

Sauti hiyo haikuwa ya mzaha. Nikatoka mlangoni.

— Rejeta, nikamwambia, simu yako mwenyewe unaishika kama kaa la moto. Hii seva ya watu inakuuma nini?

Alikaa. Alijifuta mikono kwenye ovaroli, ingawa ovaroli ndiyo iliyokuwa chafu zaidi.

Rejeta: Mchwa walikula albamu, dada. Mnajua. Ilikuwa chini ya kitanda, nikaja kufungua nikakuta udongo. Sasa, siku nilipofungua gereji, baba yake huyu alikuja akatupiga picha moja pale mlangoni. Mimi na mama watoto. Mwezi uliopita Flashi kaniambia negativu zote za mzee alizinakili, na hiyo imo.

Flashi akatikisa kichwa kuitikia, bila kumtazama.

Rejeta: Miaka sita sasa tangu mama watoto afariki. Sura yake naikumbuka, msidhani nimeisahau. Lakini kila nikifumba macho inakuja ile ya hospitali. Nataka ile nyingine.

Mama Birika alichukua kikombe cha Rejeta, akamwaga kilichopoa, akamjazia kipya bila kuulizwa. Kamusi alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu, akaufunga.

Baada ya hapo ndipo kazi ilipoanza.

— Hiyo arobaini na nane umeipima? nikamuuliza Flashi.

Flashi: Imeandikwa kwenye karatasi.

— Baba, mimi kila siku naletewa watu wanaosema kiuno chao ni themanini. Karatasi haivai nguo. Tupime.

Nikaleta rula yangu ya chuma. Flashi akafungua mfuniko, akalegeza skrubu nne, akang'oa kile kipoza cha zamani, akaifuta prosesa kwa pamba. Ilikuwa kipande cha chuma kinachong'aa, mraba, kidogo kama stempu. Nikasimamisha rula. Shida ikaonekana: mfuniko ukiwa wazi unapima hewa, na ukifungwa huoni unachopima.

Rejeta: Dada, ile nta yako ya kupakia uzi bado ipo?

— Ipo.

Rejeta: Ilete, na kipande cha nailoni. Hivi ndivyo tunavyojua kama pistoni itagonga vali.

Akaikanda ile nta mikononi mpaka ikalainika, akaifunga kwa nailoni, akaisimamisha juu ya prosesa kama mshumaa mfupi mnene. Kwa ule ukubwa wa vidole vyake ungedhani atavunja kila kitu. Hakugusa hata waya. Kisha akashusha mfuniko taratibu, akabana, akafungua. Nta ilikuwa imebonyea juu, na katikati ya ule ubapa kulikuwa na mfereji mwembamba umezama.

Flashi: Hiyo nini?

Rejeta: Mfuniko wako una ubavu kwa chini. Kale ka chuma ka kukazia bati. Hakajaandikwa kwenye karatasi.

Nikatumbukiza sindano kwenye mfereji mpaka ikagusa prosesa, nikaweka ukucha pale ilipoingilia, nikachomoa, nikailaza kwenye rula. Nikasoma mara mbili.

— Arobaini na sita.

Flashi akakaa chini. Kipoza alichotaka kununua kilikuwa cha arobaini na saba.

Flashi: Kingegusa. Ningekandamiza mfuniko, feni ingekwama, nisingejua mpaka...

Rejeta: Mpaka diski ife. Milimita moja.

Mama Birika: Sasa si kimebaki kile chembamba? Cha thelathini na saba?

Flashi: Kimebaki hicho. Ni bora kuliko nilichonacho, feni yake ni pana, hailii. Lakini kwa kazi ya saa tisa kwa nguvu zote, sidhani kitamudu.

Kamusi: Kwani lazima iende kwa nguvu zote?

Wote tukamgeukia.

Kamusi: Mwenda pole hajikwai. Iende polepole.

Rejeta alikuwa tayari kumkata kauli, lakini Flashi alikuwa ameinua kidole.

Flashi: Ngoja. Ngoja kwanza. Inawezekana. Kwenye mipangilio naweza kuiambia prosesa isile zaidi ya nusu ya umeme wake. Itachelewa. Badala ya saa tisa, kumi na tatu hivi. Lakini joto litashuka sana.

Kamusi: Ndicho nilichokuwa nikisema tangu mwanzo.

Rejeta: Ulisema tuhamishe misiba!

Kamusi: Taratibu.

Mama Birika naye hakukubali kuachwa nyuma. Aliuliza seva ile hukaa wapi nyumbani. Flashi akasema ndani ya kabati la televisheni, nyuma ya mlango wa kioo. Mama Birika akapiga makofi ya kusikitika.

Mama Birika: Umenunua jiko ukaliweka kwenye sanduku! Moto unataka hewa iingilie huku itokee kule. Itoe humo. Iinue chini ipate kuvuta, juu pasiwekwe kitu.

Nikampa Flashi roli nne za uzi zilizokwisha, ziwe miguu. Mjini akaenda siku iliyofuata.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa sebuleni kwa Flashi, wote wanne, tumevua viatu mlangoni. Kipoza kipya kilikuwa tayari kufungwa: bapa, kipana, mapezi yamepangwa kama kurasa za kitabu, feni nyembamba juu yake. Flashi alibonyeza tone la grisi nyeupe juu ya prosesa, dogo kama punje ya mchele.

Rejeta: Hiyo haitoshi hata kwa baiskeli. Paka!

Flashi: Ikizidi inazuia joto kupita, kaka. Ni ya kuziba vinyweleo tu.

Rejeta akaingiza mikono mfukoni. Kwa kweli nilimwonea huruma. Flashi akakaza skrubu kwa kukingamisha, moja huku, ya pili upande wa pili, na Rejeta akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana hivyo ndivyo anavyokaza yeye magurudumu. Mfuniko ukashuka, ukafunga, klik. Flashi akabonyeza swichi.

Tak, ikasema diski ya zamani. Tak. Kisha ikaanza kuzunguka.

Kwenye kioo cha televisheni zikatokea namba mbili. Moja ilikuwa picha zilizobaki: elfu arobaini na moja na mia mbili. Nyingine ilikuwa joto: nyuzi hamsini na nane. Feni ilikuwa inazunguka, tuliona, lakini sauti yake ilikuwa kama mtu anayepumua chumba cha pili.

Tukakaa. Hata mpira hatuuangalii hivyo. Saa mbili, nyuzi sitini na sita. Saa nne, sabini na moja. Hapo ikasimama. Tulinong'ona, kwa sababu shemeji, mke wa Flashi, alikuwa amelala nyuma ya ukuta. Watu wanne wakinong'ona kwa kubishana ni jambo la ajabu. Kamusi alinong'ona methali, Rejeta akanong'ona tusi, Mama Birika akanong'ona kwamba kahawa ipo. Saa saba mlango ukafunguliwa. Shemeji alisimama na kitambaa chake kichwani, macho madogo.

Shemeji: Miezi mitatu nimelala na ile kelele. Leo imenyamaza, nimeamshwa na nyinyi.

Tukaomba radhi kwa kunong'ona. Akatutazama, akatazama kioo, akamtazama Rejeta aliyekaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Hakurudi kulala. Akaenda jikoni, akaleta mkate wa moto, akakaa nasi.

Saa tisa na nusu Flashi alipiga kelele.

Flashi: Themanini na nne! Inapanda! Themanini na sita!

Rejeta akaruka. Themanini na tisa. Mbu hakulia, lakini feni ilianza kupandisha pumzi. Tisini na moja. Flashi alishasema ikifika tisini na saba mashine itazima, na kuwasha tena hakuna. Rejeta akapiga magoti, akalipapasa sanduku kila upande, akaangalia chini, akaangalia nyuma, kisha akainua kitu juu yake.

Lilikuwa gazeti.

Rejeta: Nani kaweka gazeti juu ya matundu?

Kamusi alikuwa anatazama dari.

Rejeta: Mwalimu!

Kamusi: Nililiweka kidogo tu. Nilikuwa natafuta miwani.

Rejeta: Miwani umeivaa!

Mama Birika: Mkalisheni mwalimu mbali na mashine. Na mumpe mkate ashike kwa mikono miwili.

Tisini na mbili. Tisini na mbili. Tisini. Themanini na saba. Tulipoona sabini na mbili, shemeji ndiye aliyeanza kucheka, na sisi tukafuata, hata Kamusi, mkate mikononi.

Saa moja kasoro dakika chache, jioni, namba ya picha zilizobaki ikawa sifuri. Hakuna tarumbeta. Iliandika tu kwamba kazi imekwisha. Flashi akahakikisha, akafungua picha hapa na pale kutoka diski mpya: bibi harusi, darasa la shule, mtoto analia juu ya zulia. Zote zilifunguka. Kisha akaizima mashine ili aitoe ile diski kongwe, na kwa kutaka kujua tu akaiwasha tena nayo imo. Ikasema tak mara moja. Hatukuisikia tena.

Rejeta: Imekufa?

Flashi: Imekufa.

Rejeta: Imefanya kazi yake, lakini.

Hakuomba kuonyeshwa picha jioni ile. Alivaa viatu vyake mlangoni, akasema ataisubiri kwenye karatasi. Nadhani hakutaka kuitazama mbele ya watu wengi, na sote tukajifanya kwamba tunawahi kitu fulani.

Jumatatu asubuhi alikuja benchini amenawa. Amenawa kweli, mpaka kwenye kucha. Mfukoni alikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha picha ambayo Flashi alimchapishia. Tuliisogelea kwa zamu, Flashi naye akiwepo, kila mtu akafuta mikono kwanza.

Mlango wa gereji, mpya, rangi haijakauka. Rejeta kijana, nywele tele, ovaroli imepigwa pasi, kasimama wima kama nguzo, macho mbele. Pembeni yake mkewe. Gauni la maua, mkono mmoja begani kwa mumewe. Anacheka. Hakuwa anatabasamu kwa ajili ya picha. Anacheka mpaka kichwa kimeenda nyuma, meno yote, macho yamefumba, amegeukia upande ule picha inakoishia.

Mama Birika: Ndiye. Ndiye kabisa. Huyo ndiye niliyekuwa namsikia kutoka sokoni.

Kamusi: Uzuri wa mtu...

Akatafuta mwisho wa methali, hakuupata, akavua miwani.

Rejeta: Si mnaona? Alikuwa hivi. Hospitali ilikuwa wiki mbili tu. Huku alikuwa hivi miaka ishirini na tisa.

Alikuwa anatabasamu, Rejeta wetu, na hakuna aliyemtania.

Ndipo akashuka mpangaji mpya wa chumba cha juu ya duka langu, dada anayeuza kwenye duka la dawa. Alikuwa na wiki moja tu mtaani, hajui jina la mtu, kila asubuhi hununua kahawa yake akaondoka. Siku hiyo alisimama, kikombe mkononi, akaiona picha. Hakuna aliyemweleza chochote kuhusu vipoza wala diski.

— Shikamooni. Eh, jamani, picha nzuri! Ni mke wako, baba?

Rejeta: Ndiye, binti.

Akaisogelea zaidi. Akaanza kutabasamu mwenyewe, kama mtu anavyoambukizwa.

— Alikuwa anacheka nini?

Mama Birika alimtazama Kamusi. Kamusi alimtazama Flashi. Flashi akasema marehemu baba yake hakuwa mtu wa vichekesho, na hakuwahi kumsimulia. Wote tukamgeukia Rejeta, ambaye ana jibu la kila kitu, mwenye grenda na rejeta na pikapu.

Aliishika picha kwa ncha za vidole. Akaigeuza akaangalia nyuma, ambako hapakuwa na maandishi, akairudisha mbele. Akaufuata ule uso wa mkewe, akaenda nao mpaka ukingo wa karatasi, mahali palipoishia.

— Sijui, binti, akasema. Mimi nilikuwa naangalia kamera.